Je, wajua? Kuna virusi ambavyo panya anavirithi kama anavyorithi rangi ya manyoya

Panya anaweza kuzaliwa na kirusi ambacho hakuambukizwa na mtu yeyote. Kimo kwenye DNA ya kila seli yake, kuanzia sikioni mpaka mkiani, na akizaa naye anawagawia wanawe, wajukuu, vitukuu mpaka vilembwe. Tena sio kitu cha nadra, takriban asilimia 10 ya DNA yote ya panya ni retrovirusi (virusi vinavyojipachika kwenye DNA ya seli) wa namna hii pamoja na mabaki yao, na kwetu binadamu ni kama asilimia 8. Sasa virusi viliingiaje humo?

Wengi wakisikia hivi moja kwa moja wanasema ah, mama alikuwa mgonjwa akamwambukiza mtoto. Hapana, na hapa inabidi tukae kidogo maana watu wanachanganya mambo mawili tofauti kabisa. Kuambukizwa na mama ni kitu kimoja, kurithi ni kingine. Mfano mzuri ni saratani ya matiti ya panya. Mwaka 1936 John Bittner, akiwa kwenye maabara ya Jackson kule Maine, Marekani, alionyesha kwamba watoto wa ukoo wa panya wenye saratani nyingi wakinyonyeshwa na jike wa ukoo mwingine usio na tatizo hilo, saratani inapungua sana. Yaani kilichokuwa kinaleta ugonjwa kilikuwa kinapita kwenye maziwa, na baadaye ikajulikana ni kirusi. Badilisha mama wa kunyonyesha, mnyororo unakatika. Hapo hakuna urithi, ni maambukizi tu, hata kama yanaonekana kama ugonjwa wa ukoo.

Halafu kuna panya wa ukoo unaoitwa GR, ambao Otto Mühlbock aliwafanyia kazi Uholanzi. Hao ukiwabadilishia mama wa kunyonya haisaidii. Na cha ajabu zaidi, dume wa GR akimpanda jike wa ukoo usio na kirusi hicho, kirusi kinafika kwa watoto, wakati dume hana maziwa ya kumpa mtu. Walipofuatilia vizazi wakakuta kinagawanyika kama jeni moja, mzazi mwenye nakala moja anaipitisha kwa karibu nusu ya watoto. Kirusi ni jamii ileile ya kile cha maziwa, ila kimoja kinaambukiza na kingine kinarithiwa, na kipimo kilichowatenganisha ni kuwahamisha watoto kwa mama mwingine tu.

Kosa la pili ni kudhani kwamba mzazi akikaa na kirusi mwilini miaka mingi basi jeni za watoto wake zitabadilika. VVU ni retrovirusi na kweli vinajipachika kwenye DNA, lakini vinafanya hivyo hasa kwenye seli fulani za kinga, na seli hizo hazizai mtoto, zinaishia kwa mwenyewe. Mtoto akizaliwa na VVU ameambukizwa akiwa tumboni, wakati wa kuzaliwa au kwa kunyonya, hajarithi, ndiyo maana dawa zinaweza kumkinga.

Tuseme kidogo jinsi retrovirusi wanavyofanya kazi. Jeni zao zimeandikwa kwenye RNA, molekuli inayofanana na DNA, wana kimeng'enya kinachogeuza hiyo RNA kuwa DNA, jambo ambalo Howard Temin na David Baltimore walilionyesha mwaka 1970, na Baltimore alitumia kirusi cha leukemia (saratani ya damu) ya panya. Hiyo DNA mpya inapachikwa kwenye kromosomu ya seli, na ikishapachikwa inaitwa provirusi. Seli ikigawanyika inainakili pamoja na jeni zake nyingine, haijui tofauti.

Kwa hiyo kujipachika sio swali, wanajipachika kila siku. Swali ni wapi. Fikiria kitabu kilichochapwa nakala elfu nyingi. Mtu akichukua nakala moja iliyo rafuni akaongeza sentensi yake kwa kalamu, sentensi hiyo itasomwa na mwenye nakala ile basi, toleo lijalo halitakuwa nayo. Lakini akipenya mpaka kwenye mswada mama unaopelekwa kiwandani, akaandika sentensi ileile, kila nakala itakayochapwa kuanzia siku hiyo itakuwa nayo, na mchapaji hatahisi kitu. Seli za ini, damu, mapafu, hizo ni nakala za rafuni. Mswada ni yai, mbegu ya kiume, na zile seli chache za mwanzo kabisa wa kiinitete ambazo baadaye zitatoa mayai na mbegu. Tena mara nyingi sentensi inaingia wakati mswada umeshaanza kunakiliwa, seli zimeshakuwa nne au nane, hivyo panya wa kwanza anazaliwa mchanganyiko, seli nyingine zina provirusi na nyingine hazina. Zile zenye nayo zikiangukia upande wa uzazi, baadhi ya watoto wake watakuwa nayo mwili mzima, zisipoangukia huko habari imeisha.

Hii sio nadharia tupu. Mwaka 1976 Rudolf Jaenisch alichukua viinitete vya panya vya seli 4 mpaka 8, akaviweka pamoja na kirusi cha leukemia kinachoitwa Moloney, akavirudisha kwenye matumbo ya majike, na kutokana nao akapata ukoo wa panya wanaopitisha provirusi kwa kufuata kanuni za Mendel, yaani kama jeni ya kawaida. Mwaka 1985 Nancy Jenkins na Neal Copeland wakaonyesha kwamba inatokea hata bila mkono wa mtu, kwenye panya chotara wa koo za SWR/J na RF/J: majike waliokuwa na virusi vingi damuni walizaa watoto wenye provirusi mpya ambazo mama hakuwa nazo mahali pale kwenye DNA yake. Tukumbuke lakini hao ni panya wa maabara waliochaguliwa, sio kipimo cha kinachotokea porini. Kwa porini wa kuangalia ni koala, mnyama wa mitini wa Australia, ambao retrovirusi wao anaingia kwenye mstari wa uzazi (mayai na mbegu) wakati huu tulionao.

Mtu atauliza, mbona kiinitete hakifi? Kwa sababu seli za mwanzo zinakizima kirusi. Panya wana protini iitwayo ZFP809 inayotambua kipande cha DNA ya kirusi kinachohusika na kuanzisha unakili, inakishika, inaita wenzake na provirusi inafungwa kimya. Naona hii ndiyo sehemu tamu kuliko zote, maana ulinzi unaomwokoa mtoto ndio huohuo unaompa kirusi nafasi ya kurithiwa, kama kingeamka mapema na kuua kisingefika popote.

Sio kila mara kinakaa bila madhara. Panya wa ukoo wa maabara uitwao DBA wana manyoya yaliyofifia rangi, na mwaka 1981 ikaonekana kwamba mabadiliko hayo yanaendana na provirusi iliyojipachika kwenye jeni moja ya rangi. Mara chache provirusi karibu yote inachomoka, kinabaki kipande kidogo cha pembeni, na rangi inarudi! Yaani rangi ya manyoya niliyoitaja pale juu kama mfano wa urithi, kwa hawa panya yenyewe ni kazi ya kirusi. Vipo pia virusi vya kurithiwa vinavyoitwa IAP, vimepoteza jeni ya kutengeneza ganda la nje kwa hiyo haviwezi kutoka kwenda kwa panya mwingine, vinajinakili na kuruka ndani ya seli ileile, na ni miongoni mwa sababu zinazojulikana za mabadiliko ya jeni yanayojitokeza yenyewe kwa panya wa maabara.

Na kuna provirusi zinazomlinda panya. Karibu na ziwa Casitas huko California kulikutwa panya wa porini wenye kirusi kinachopooza miguu ya nyuma, lakini baadhi yao walikuwa hawaugui. Hao walikuwa wamerithi kipande cha provirusi ya zamani, jeni ya Fv-4, inayotengeneza protini ya ganda la kirusi tu. Protini hiyo inaziba milango ambayo kirusi cha sasa kinatumia kuingia kwenye seli, kwa hiyo kikija kinakuta mlango umeshashikwa na ndugu yake.