Acheni Kuzisingizia Beringi

Leo tena nimetumiwa video iliyopigwa kwa doli ya kujitengenezea, kile kitoroli cha kusukumia kamera juu ya reli. Picha inatetema kama daladala kwenye barabara ya vumbi, na swali ni lilelile: "Kaka, ninunue beringi gani?" Usinunue. Hizo 608 za magurudumu ya skate, tundu milimita 8, kipenyo cha nje 22, zinambeba mpigapicha na kamera yake bila kunung'unika. Mtetemo unatoka kwenye reli, yaani yale mabomba mawili ya plastiki chini yake.

Kitoroli chenyewe hakina siri: plaiwudi ya milimita 18, vipande vinne vya engo (chuma chenye umbo la L) vilivyogeuzwa mgongo juu, kila ubavu wa engo gurudumu lake, ili jozi ilikumbatie bomba. Engo mbili za upande mmoja zifunge kwa bolti moja tu katikati, zicheze kidogo. Ukizikaza zote nne, kona moja itaning'inia.

Sasa bomba. Lile la PVC la mita 6 limesimamishwa nje ya duka, linapigwa jua, limeshapinda, nawe unalipia bila hata kuliangalia! Lilaze, funga jicho moja, lichungulie kutoka mwisho huku ukilizungusha. Likiwa na tumbo, mrudishie mwenyewe. Chukua la presha, lenye ukuta mnene.

Halafu maungio, na hapa ndipo watu hunichosha. Msumeno wa mkono hukata mshazari. Ukiunganisha, unabaki mwanya mwembamba kama ukucha, na kila gurudumu likipita linadumbukia. Lizungushie bomba karatasi, kingo zake zikutane sawasawa, piga alama, ukate kwa kufuata alama. Ndani kaza kipande cha mti, nusu huku nusu kule. Soketi ya fundi bomba usiiguse, inaacha nundu juu. Wapo wanaoshikilia kwamba maungio ya reli mbili lazima yapishane. Mimi sijashawishika: yakikutana unapata mdundo mmoja mkubwa, yakipishana unapata midogo miwili inayoyumbisha kamera pembeni, na jicho langu hukerwa zaidi na huo wa pembeni. Wenzangu wananibishia, na huenda wako sahihi.

Pima maji iwekwe kwa urefu, kisha ikatize reli zote mbili. Kabari za mbao kila nusu mita, maana bomba hubonyea chini ya uzito. Na uzito wenyewe usiuogope, doli nyepesi hurukaruka.

"Si nitanyoosha kwenye kompyuta?" Programu itakata kingo za picha yako, na ule ukungu wa mtikisiko itauacha palepale.

Msukumaji aanze kabla mwigizaji hajaanza, aache baada yake. Na kabla hujatandika reli kupita ubavuni mwa tukio, tafuta nguzo, mmea, hata bega la mtu, kiwe karibu na lenzi. Ukiwa na vilima vya mbali tu, utasukuma mita 6 nzima na mtazamaji ataona kamera imesimama.