Je, wajua kwa nini simba hulipita gari la watalii bila kuwagusa waliomo?

Kwenye nyanda za kusini mwa Serengeti unaweza kwenda mwendo mrefu bila kuona mti. Jua likiwa kali, simba akikuta gari limesimama huja kujilaza kwenye kivuli chake, wakati mwingine mgongo ukiegemea gurudumu. Juu yake, chini ya paa lililoinuliwa, watu sita wanamtazama, naye hawasumbui. Mmoja wao akifungua mlango na kukanyaga nyasi, simba huyohuyo atainuka papo hapo. Ama atakimbia, ama atashambulia.

Wengi huelezwa kwamba simba hawaoni watu walio ndani ya gari. Si kweli. Anawaona, anawasikia, na harufu yao inamfikia. Ila tangu akiwa mtoto amelikuta gari likipita: kitu kikubwa chenye harufu ya dizeli, hakimkimbizi, hakiliwi. Watu waliomo amewazoea wakiwa sehemu ya kitu hicho, na mazoea hayo yanadumu maadamu umbo la gari ni lilelile. Anayekaa juu ya paa, anayening'iniza miguu dirishani au kuchomoza nusu ya mwili ili apige picha, anajitenga na umbo hilo. Mtu aliye peke yake chini ni habari nyingine kabisa kwa simba. Ni hatari ya kukimbiwa, na simba akiwa na njaa, akiwa na watoto au akiwa amebanwa pasipo pa kutokea, mtu huyo ni wa kushambuliwa.

Mazoea hayafanani kila mahali. Simba wa ndani ya kreta ya Ngorongoro huona magari kila siku. Wa Katavi, ambako wageni ni wachache, hulistukia gari kwa mbali. Kwa hiyo umbali uliofaa jana kwenye hifadhi moja si kipimo cha hifadhi nyingine. Msikilizeni dereva wa eneo hilo.

Hapo ndipo zinapotoka kanuni nyingi za safari. Unakaa ndani ya gari tangu getini, isipokuwa penye kibao kinachoruhusu kushuka. Unaweza kusimama sakafuni chini ya paa lililoinuliwa, lakini usipande juu ya kiti ukatokeza kiwiliwili. Ongeeni kwa kunong'ona. Kupiga mluzi au kugonga mlango ili mnyama ageuze uso ndiko kunakomfanya aanze kuwachunguza ninyi badala ya kulipuuza gari. Simba akiwa amelala chini ya gari, usiinamie dirisha kumpiga picha. Muda wa kuondoka ukifika, dereva huwasha injini na kuiacha ingurume kidogo ili mnyama ajiondoe mwenyewe kabla gurudumu halijazunguka.

Tembo ni sura nyingine. Dume kubwa hufikia tani 6, na umbo la gari halimtishi hata kidogo. Bahati nzuri, mara nyingi tembo huonya kabla ya kuja. Akitanua masikio, akatikisa kichwa, akapiga vumbi kwa mkonga na kupaza sauti, kwa kawaida anakwambia uko karibu mno. Akikunja mkonga, akalaza masikio nyuma na kuja kimya, huyo anakuja kweli. Kwa madume tazama pia kati ya jicho na sikio: ukiona majimaji yakitiririka shavuni na mkojo ukidondoka kati ya miguu ya nyuma, dume huyo yuko kwenye masti, kipindi cha joto la kupandana, na hana uvumilivu. Mpe nafasi kubwa kuliko unavyodhani inatosha.

Kosa la kawaida kwa tembo ni maegesho. Gari linasimama katikati ya kundi, mama upande huu na mtoto upande ule, au linajifungia nyuma ya magari mengine lisiweze kutoka. Dereva mzuri husimamisha gari likiwa na njia wazi, na huondoka polepole tembo akiwa bado anatikisa kichwa, bila honi na bila kukanyaga mafuta kwa ghafla. Tembo akishafika ubavuni mwa gari, wakati wa kuondoka umepita. Kaeni kimya, mikono ndani, apite.

Anayeumizwa zaidi na adabu mbovu ni duma. Simba na fisi huwinda sana usiku. Duma huwinda mchana kwa kutegemea macho, hasa asubuhi na alasiri, saa zilezile ambazo magari yamejaa. Mbio zake ni za mita mia chache tu, na akishakamata huhema muda mrefu kabla ya kuanza kula. Magari yakimzunguka, swala wanamgundua mapema, au fisi wanafuata msongamano huo na kumpora mawindo. Watoto wake hujificha kwenye nyasi, na mama huwaita kwa sauti nyembamba kama ya ndege, sauti ambayo injini inayonguruma inaimeza. Utafiti wa Maasai Mara, Kenya, uliochapishwa 2018 ulionyesha tofauti ya kutisha: kwenye maeneo yenye watalii wengi, duma jike alifikisha umri wa kujitegemea wastani wa watoto 0.2 kwa kila uzao, wakati kwenye maeneo yenye watalii wachache walikuwa zaidi ya 2. Hakuna mtu aliyewapiga duma hao risasi. Ni sisi tuliotaka picha ya karibu.

Ndiyo maana Kenya ina kanuni ya mita 20 kutoka kwa mnyama na magari yasiyozidi 5 kwa wakati mmoja. Ukikuta tayari yapo matano, subiri kwa mbali zamu yako. Zima injini. Usimshawishi dereva aache barabara, hata ukimwahidi bahasha nono: faini na adhabu zitamwangukia yeye, na chini ya gurudumu kunaweza kuwa na mayai ya ndege wanaotaga ardhini, au mtoto wa duma aliyetulia kama alivyofundishwa.

Kwenye Mto Mara hali ni hiyohiyo. Nyumbu hukusanyika ukingoni kwa saa nyingi kabla ya kuvuka, na akitangulia mmoja wengine humfuata. Gari likisogea kwenye njia ya kuteremkia, kundi zima hugeuka, au hulazimika kuruka penye ukingo mrefu na kuvunjika miguu. Julai 2025 video zilisambaa zikionyesha watalii walioshuka na kusimama ukingoni, upande wa Serengeti, huku nyumbu wakishindwa kupita. Kaeni nyuma mpaka wa kwanza waingie majini, halafu ndipo gari lisogee.

Sasa mambo madogo ambayo watu huona aibu kuyauliza. Kuchimba dawa si nyuma ya kichaka, maana kichakani ndiko alikolala nyati au chui. Mwambie dereva mapema. Atatafuta mahali peupe, atazunguka akague, nawe utajisaidia nyuma ya gari palepale, mmoja mmoja, na karatasi unarudi nayo kwenye mfuko. Pancha nayo haibadilishwi karibu na mto wala kwenye nyasi ndefu. Gari lisogezwe taratibu hadi peupe hata kama tairi litaharibika, na wasiofanya kazi wabaki ndani, kila mmoja akilinda upande wake kwa macho.

Kambi nyingi za umma, kama zile za Seronera katikati ya Serengeti, hazina uzio. Chakula, sabuni na dawa ya meno vilale ndani ya gari lililofungwa, viatu viingie hemani kwa sababu fisi hubeba ngozi, na zipu ifungwe mpaka chini. Usiku ukitaka kutoka, mulika kwanza kwa tochi ukitafuta macho yanayong'aa. Penye mto au bwawa, viboko hutoka majini gizani kwenda kula nyasi na kurudi alfajiri. Kiboko aliyekatiwa njia ya majini hapiti pembeni, atakupitia wewe.

Usilishe mnyama yeyote. Mikumi, ambako barabara kuu ya Dar es Salaam kwenda Mbeya inakatiza hifadhi, nyani wamejifunza kukaa pembeni mwa lami kusubiri ndizi zinazorushwa kutoka kwenye mabasi, na wengi hugongwa hapohapo. Ngoitokitok, mahali pa kupumzika na kula ndani ya kreta ya Ngorongoro, mwewe hushuka na kunyakua kipande cha kuku mkononi, kucha zikikwaruza vidole. Kuleni ndani ya gari. Na kama unapita penye mbung'o, acha nguo za bluu na nyeusi nyumbani. Mitego ya mbung'o hushonwa kwa vitambaa vya rangi hizohizo kwa sababu zinawavuta.

Gombe na Mahale, hifadhi za sokwe kando ya Ziwa Tanganyika, kanuni zinageuka, maana huko mnawafuata sokwe kwa miguu na hatari kubwa ni ninyi. Sokwe huambukizwa mafua yetu, na kwao mafua huua. Mwaka 1966 sokwe wa Gombe walikumbwa na ugonjwa wa kupooza unaofikiriwa kuwa polio iliyotoka kwa binadamu. Kwa hiyo Mahale kundi la wageni halizidi watu 6, muda wa kuwa nao ni saa moja, barakoa haivuliwi, na mnabaki umbali wa mita 10. Sokwe akiwasogelea, ninyi ndio mnarudi nyuma. Hakuna kula mbele yao wala kutema mate porini. Anayekohoa au kupiga chafya asubuhi hiyo anabaki kambini, hata kama kibali ameshakilipia.