Lori linachemsha: yanayosemwa kuhusu kuosha rejeta, na ukweli wake

Lori linalopakia saruji Pongwe, Tanga, linaweza kupiga njia ya Muheza hadi Segera wiki nzima, sindano ya joto imetulia palepale. Siku likipangiwa mzigo wa Lushoto, linaanza kuchemsha kabla hata ya kufika Soni. Dereva anasema mlima ndio mbaya. Mlima ni mkali kweli: Mombo iko mita 400 hivi juu ya usawa wa bahari, Lushoto mita 1,400 hivi, na kupanda kote huko ni ndani ya kilomita 33 hivi. Lakini lori lisilo na hitilafu limetengenezwa lipande. Rejeta iliyoziba bado inamudu kupoza injini isiyofanya kazi kubwa, huku upepo wa mwendo ukiisaidia. Mlimani injini inatoa nguvu zake zote, gari linatambaa kwa gia nzito, upepo wa mwendo haupo, na feni peke yake inatakiwa kuvuta hewa kwenye mapezi, vile vibati vyembamba vya rejeta, yaliyojaa uchafu. Uchafu ulikuwepo tangu Tanga. Mlima umeuumbua tu.

“Rejeta ni safi, nimeiangalia kwa mbele.”

Unachokiona ukifungua grili mara nyingi siyo rejeta. Kwenye lori lenye turbo, hewa hupita kwanza kwenye kondensa ya AC kama ipo, kisha intakula (kipoza hewa inayotoka kwenye turbo), ndipo inaifikia rejeta, na nyuma yake ndiyo feni. Kati ya intakula na rejeta kuna mwanya mwembamba, na humo ndimo takataka zinapoishia: wadudu, majani makavu, vumbi la barabarani, na mafuta yanayogeuza vumbi hilo kuwa tope. Kwa malori yanayobeba mkonge hali ni mbaya zaidi. Nyuzi fupi hupenya kwenye intakula, hulala juu ya uso wa rejeta na kushikana mpaka zinakuwa blanketi, na kila vumbi linalofuata hunasa humo. Intakula kwa nje inang'aa, nyuma yake hakupiti hewa.

Kipimo chake ni taa. Injini ikiwa imezimwa na kupoa, sogeza intakula, utingo ashike taa kali nyuma ya rejeta upande wa feni, wewe chungulia kwa mbele. Mwanga uonekane kati ya mapezi kona zote nne na katikati. Penye giza hapapozi kitu.

“Peleka kwa waosha magari, wapige presha mbele mpaka maji yatokee nyuma.”

Hapa makosa yako mawili. La kwanza ni upande. Uchafu umeingia kwa mbele ukisukumwa na hewa. Ukipiga maji kwa mbele unaukandamiza uingie ndani zaidi. Rejeta huoshwa kutoka upande wa feni kwenda mbele, ili uchafu urudi ulikotoka.

La pili ni nguvu. Mashine za kuoshea magari nyingi hutoa presha ya zaidi ya baa 100. Mapezi ya rejeta ni bati jembamba ambalo kidole tu kinalikunja, na pezi lililolala linaziba hewa sawa na tope. Kikomo cha kufuata ni psi 40 kwa maji, ambayo hayafiki baa 3, na psi 30 kwa upepo wa kompresa. Mpira wa kawaida wa bomba unatosha. Kinachosafisha ni muda na sabuni.

Kazi yenyewe huenda hivi. Injini iwe baridi na ufunguo utolewe. Nyanyua kabini, fungua kava la feni. Legeza bolti za intakula na uisogeze mbele. Kama inatoka kabisa, ziba midomo ya mabomba yake kwa kitambaa safi, maana kijiwe kikiingia humo safari yake inaishia ndani ya injini. Kondensa ya AC usiifungue mipira ya gesi, ifunge pembeni kwa waya. Sasa puliza upepo kutoka upande wa feni, ncha ya bomba ikiwa milimita 6 hivi kutoka kwenye mapezi, ukifuata mirija ya maji polepole, mstari kwa mstari, bila kulaza bomba. Nyuzi za mkonge zivute kwa mkono au brashi laini zikiwa kavu. Zikilowa zinashikana na hazitoki.

Wanaobeba saruji wasiruke hatua ya upepo kwa sababu yoyote ile. Vumbi la saruji likikutana na maji linaganda. Anayeanza na maji anajenga ukuta ndani ya rejeta yake, na ukuta huo hauna sabuni. Isitoshe, saruji iliyolowa ni kali na inakula alumini. Basi puliza mpaka upande wa mbele pasitoke vumbi tena, ndipo ufungulie maji, na yakishaanza yawe mengi na ya mfululizo.

Kama kuna mafuta, nyunyiza dawa ya kuondoa grisi isiyodhuru alumini, au sabuni ya maji ya kuoshea vyombo kwenye ndoo ya maji ya moto. Iache dakika 10 hadi 15 bila kukauka, kisha suuza kutoka upande wa feni mpaka maji yanayotoka mbele yawe meupe. Rudia. Rejeta ya lori lililofanya kazi miaka miwili bila kuoshwa haitakati kwa mkupuo mmoja. Mapezi yaliyolala yanyooshe taratibu kwa kitu chembamba kisicho na makali, ukijihadhari na mirija. Rudisha kila kitu, kava la feni likiwemo, washa injini na uipandishe mzunguko dakika chache ili feni ikaushe na kutoa mabaki. Zima, rudia kipimo cha taa.

Wapo wanaoosha kwa dizeli kwa sababu inakata mafuta upesi. Inakata kweli, ila inaacha utando ambao vumbi la safari inayofuata litaushukuru. Petroli hata tusiizungumzie. Na maji yasiwe ya bahari wala ya kisima cha chumvi, ambavyo pwani hii ni vingi: chumvi ikikaukia kwenye mapezi inayatafuna mpaka yanapukutika ukiyagusa.

“Toa thamostati, maji yatembee bila kizuizi.”

Ushauri huu umeharibu injini nyingi. Kwenye injini nyingi za malori, thamostati, vali inayofunguka kwa joto, ina kazi mbili: inafungua njia ya kwenda kwenye rejeta, na wakati huohuo inaziba njia ya mkato inayorudisha maji kwenye injini bila kupita kwenye rejeta. Ukiitoa, njia ya mkato inabaki wazi. Sehemu ya maji ya moto inazunguka humohumo ndani, na mlimani gari linachemsha zaidi ya mwanzo. Kwenye tambarare nako injini inabaki baridi mno, inakunywa dizeli na slivu, zile silinda za chuma ambamo pistoni hupanda na kushuka, zinalika mapema.

Kama unaishuku, ipime. Itoe, ining'inize kwa uzi kwenye sufuria ya maji pamoja na kipimajoto, isiguse chini. Nyuzijoto ya kufungukia imechapwa kwenye bati lake, kwa injini nyingi za dizeli ni kati ya 76 na 88. Ianze kufunguka karibu na namba hiyo na ikipoa ijifunge yenyewe. Isipofanya hivyo, nunua nyingine yenye namba ileile.

“Kulanti ni ya nchi za barafu, Tanga maji yanatosha.”

Tanga haigandi, hilo halina ubishi. Kulanti, kimiminika cha kuchanganya na maji ya rejeta, ina kazi nyingine. Ina dawa za kuzuia kutu, na inapandisha kiwango cha kuchemka: mchanganyiko wa nusu kwa nusu huchemka kwenye nyuzi 107 hivi hata bila presha. Kwa dizeli kuna sababu nzito zaidi. Slivu hutetemeka kila dizeli inapolipuka, na mtetemo huo huzaa viputo kwenye maji yanayoizunguka. Viputo vikipasuka vinamegua chuma kidogo kidogo mpaka slivu inatoboka na maji yanaingia kwenye oili. Dawa iliyomo kwenye kulanti ndiyo inayoikinga slivu. Maji matupu hayana kinga hiyo.

Maji ya kisima nayo huacha ukoko wa chokaa ndani ya mirija. Hapo unaweza kuosha nje mpaka mapezi yaone jua na gari likaendelea kuchemsha, kwa sababu kizibo kiko ndani. Kukijua ni rahisi: injini ikiwa ya moto, tembeza kipimajoto cha bunduki juu ya uso wa rejeta. Joto lipungue taratibu kutoka upande maji yanakoingilia kwenda yanakotokea. Ukikuta kiraka cha ubaridi katikati ya moto, mirija ya hapo haipitishi.

Mfumo wa lori kubwa hubeba lita 30 hadi 50, kitabu cha gari kinasema hasa ngapi. Kama ni lita 40, weka 20 za kulanti na 20 za maji baridi yale ya kuongezea betri. Usiweke kulanti tupu ukidhani ndiyo utapoza zaidi. Bila maji inabeba joto kidogo. Rangi haisemi chochote cha uhakika, kila kiwanda kina yake, kwa hiyo usichanganye nyekundu na kijani kwa kubahatisha.

“Ndani zibua kwa maji makali ya betri au kostiki soda.”

Kostiki soda inakula alumini huku ikitoa haidrojeni, gesi inayolipuka. Maji makali, ambayo ni asidi, nayo hayaachi chuma salama. Rejeta nyingi za siku hizi ni alumini yenye matangi ya plastiki. Zitumie dawa iliyoandikwa kwamba inafaa kwa alumini, kwa kipimo na muda ulioandikwa kwenye kopo, kisha suuza mpaka maji yatoke safi.

“Feni inazunguka, basi ni nzima.”

Feni yenye klachi ya mafuta huzunguka muda wote, ila polepole. Inakaza mwendo pale springi bapa iliyo mbele ya klachi inapopigwa na hewa ya moto inayotoka kwenye rejeta. Hapa kuna mtego ambao hata mafundi wazuri wanaupita: rejeta ikiziba, hewa ya moto haiifikii springi, feni haikazi, na fundi anabadilisha klachi isiyo na kosa. Kwa hiyo osha kwanza, klachi ihukumiwe baadaye. Injini ikiwa imezimwa na baridi, izungushe feni kwa mkono: ikisota mizunguko kadhaa bila ukinzani, au ukiona mafuta yamechirizika katikati yake, hapo imekufa. Kava la feni likikosekana au likipasuka, feni inavuta hewa ya pembeni badala ya ile ya kwenye rejeta.

“Mfuniko ni mfuniko tu.”

Mfuniko wa rejeta hushikilia presha, na presha huchelewesha maji kuchemka. Maji matupu chini ya mfuniko wa baa 1 huchemka kwenye nyuzi 120 hivi. Mfuniko ukilegea, Lushoto yatachemka kwenye nyuzi 95 hivi, yaani muda mfupi tu baada ya thamostati kufunguka. Angalia mpira wake, na namba yake iwe ile ya gari.

“Likichemsha, zima hapohapo ulimwagie maji.”

Kama maji bado yamo na hayavuji, kuzima ghafla kunasimamisha pampu na feni wakati joto liko juu kabisa. Egesha, weka nyutro, acha injini iende kwa mzunguko wa juu kidogo dakika 3 hadi 5, sindano ishuke ndipo uzime. Zima mara moja kama maji yamemwagika, hozi imepasuka au mkanda umekatika. Mfuniko usiguswe mpaka hozi ya juu ishikike kwa mkono bila kuunguza. Ukiongeza maji, ongeza kidogo kidogo. Maji baridi kwenye chuma cha moto ndiyo yanayopasua hedi.

Na usidanganywe na sindano iliyoshuka ghafla yenyewe. Maji yakipungua chini ya kipimio chake, kinabaki hewani na geji inasoma ubaridi huku injini inaungua.

“Kuchemsha ni rejeta tu.”

Linalochemsha kwenye foleni na kupoa likishika mwendo, tazama feni na hewa. Linalochemsha mlimani na mzigo tu, tazama uchafu na mirija. Linalosukuma maji nje na kutoa viputo mfululizo shingoni mwa rejeta dakika chache baada ya kuwashwa likiwa baridi, gasketi ya silinda hedi imeungua, na kuosha hakutasaidia kitu.

Lori likioshwa vizuri kisha rejeta ikajaa tope la mafuta baada ya wiki chache, fuata mafuta hayo yanakotoka. Mara nyingi ni bomba la kupumulia la injini, ambalo mdomo wake umeelekea mbele ya feni. Lirefushe lishuke chini ya chesisi. Kama linatoa moshi mzito muda wote, ringi za pistoni zimechoka.