Kurutubisha urani kwa leza: kikwazo cha kibiashara kiko wapi?

Urani inayochimbwa ardhini ina takriban asilimia 0.7 tu ya urani-235, isotopu inayopasuka na kutoa nishati katika vinu vya umeme. Vinu vingi huhitaji asilimia 3 hadi 5, na kuupandisha uwiano huo ndiko kurutubisha. Leo kazi hiyo hufanywa na sentrifuji, mashine zinazozungusha gesi ya heksafluoridi ya urani kwa kasi kubwa mno hadi molekuli nzito zisogee pembeni. Leza hufuata njia nyingine: kila isotopu hufyonza mwanga wa rangi inayotofautiana kidogo sana na ya mwenzake, hivyo leza iliyorekebishwa barabara huigusa urani-235 na kuiacha urani-238 ipite.

Katika kuchagua, leza inaishinda sentrifuji kwa mbali. Inapokwama ni kwenye wingi. Viwanda hupimwa kwa SWU, yaani kipimo cha kazi ya utenganishaji, na kinu kimoja cha megawati 1,000 huhitaji SWU 100,000 hadi 120,000 kwa mwaka. Leza inayotoa mwanga kwa mapigo, yakiwa machache kwa sekunde, huacha gesi nyingi ipite bila kumulikwa, na urani-235 iliyomo huishia kwenye mabaki. Nguvu ikiongezwa, vioo na lenzi huchakaa upesi. Gesi ikisongamanishwa ili kupata mazao zaidi, molekuli hugongana. Iliyochaguliwa humpa jirani nishati yake kabla ya kutenganishwa, na uteuzi wote huharibika. Matokeo mazuri ya maabara hufia hapo.

Njia ya mvuke wa atomu, ambapo leza humulika metali ya urani iliyogeuzwa mvuke badala ya gesi ya heksafluoridi, ina tabu ya ziada. Hutaka metali ya urani iyeyushwe, na urani iliyoyeyuka hula karibu kila chombo kinachoibeba. Isitoshe, mnyororo mzima wa fueli umejengwa juu ya heksafluoridi, kwa hiyo kutumia metali ni kuongeza gharama za kuibadilisha. Marekani iliiendeleza kwa miongo miwili na zaidi katika maabara ya Lawrence Livermore, kisha USEC, kampuni ya Marekani ya kurutubisha urani, ikaifuta mwaka 1999. Ufaransa nayo iliachana na mradi wake wa SILVA.

Iliyofika mbali zaidi ni SILEX, njia ya leza iliyobuniwa Australia, ambayo hutumia molekuli za heksafluoridi. Mwaka 2012 mamlaka ya Marekani ilitoa leseni ya kiwanda cha SWU milioni 6 kwa mwaka huko Wilmington, North Carolina. Hakikujengwa. Baada ya ajali ya Fukushima ya 2011, vinu vya Japani vilizimwa na bei ya SWU ikaporomoka, huku sentrifuji zilizokwisha kulipiwa zikiendelea kuzunguka. Wengi hulisahau jambo hili: sentrifuji nzuri huzunguka miaka mingi bila kusimamishwa, na umeme inaotumia ni mdogo. Leza ingeshindana na mtambo wa kale wa usambaaji wa gesi, uliosukuma gesi kupitia tando zenye vitundu vidogo na kula umeme ovyo, ingeushinda kwa urahisi. Lakini mtambo wa mwisho wa aina hiyo Marekani, ule wa Paducah, Kentucky, ulifungwa mwaka 2013.

Mpango wa sasa uko Paducah hapohapo: kurutubisha upya mabaki ya zamani yaliyohifadhiwa kwenye mitungi. Huo ni uamuzi wa busara, kwani malighafi tayari imechimbwa na iko katika umbo la heksafluoridi. Hata hivyo, kabla ya kusaini mkataba wa miaka kumi, mnunuzi wa fueli atataka kuona rekodi ya leza zilizofanya kazi mfululizo kwa maelfu ya saa, pamoja na gharama ya vipuri vilivyobadilishwa.