Mlangoni mwa hekalu: dhana zinazokula alama zako

Swali huwa fupi: jadili jinsi sanaa ya mahekalu ya Kihindu inavyoonyesha tofauti za kitabaka katika jamii ya India. Mtahiniwa anajaza kurasa tatu, kisha anashangaa kuambulia nusu ya alama. Nimesoma majibu ya namna hiyo mengi, na mara chache sana shida ni uvivu.

Dhana iliyo sugu kuliko zote ni kwamba sanaa ni nusu ya jibu na matabaka ni nusu ya pili. Basi unakuta aya nne za kusifu hekalu la Kailasa la Ellora, magharibi mwa India, jinsi lilivyochongwa mwambani kutoka juu kwenda chini katika karne ya 8, halafu ghafla aya moja ya kulaani ubaguzi, kama mchuzi ulioletwa wageni wakiwa wameshanawa. Ukweli ni kwamba swali linauliza jambo moja tu. Tofauti za watu zimo ndani ya ramani ya jengo lenyewe. Kuna lango, kuna ua, kuna ukumbi wa nguzo uitwao mandapa, na mwisho garbhagriha, chumba kidogo chenye giza anamokaa mungu. Kadiri unavyoingia ndani, ndivyo wanaoruhusiwa wanavyopungua. Kuhani anafika mwisho. Waliohesabiwa najisi, ambao vizazi vyao leo hujiita Wadalit, walibaki nje ya ukuta.

Linganisha sentensi mbili. "Watu wa tabaka la chini walibaguliwa sana mahekaluni." Kweli, lakini shahidi yuko wapi? Sasa hii: "Katika hekalu la Tiruppungur, Tamil Nadu, sanamu ya Nandi, fahali wa mungu Shiva, haikukaa sawasawa na mlango, masimulizi yanasema fahali alisogea ili Nandanar, mcha Shiva aliyehesabiwa najisi na kukatazwa kuingia, amwone Shiva kutoka nje." Hapo msahihishaji amepata jiwe, mahali na hoja. Kisha ongeza sentensi ambayo wengi huisahau: fahali alisogea, ila Nandanar hakuingia. Kwangu mimi sentensi hiyo ina uzito kuliko ukurasa mzima wa lawama.

Khajuraho, kundi la mahekalu katikati ya India, nayo imeponza wengi, wanaodhani ni mahekalu ya sanamu za mahaba na basi. Sanamu za aina hiyo ni sehemu ndogo ya kazi iliyofanywa chini ya wafalme wa Chandela, kati ya miaka ya 950 na 1050 hivi. Kuta zimejaa miungu, wanamuziki, askari, farasi na ndovu. Kwa swali letu, tazama vimo: mungu mkubwa katikati, watumishi wadogo miguuni pake.

Eti wachongaji hawakuacha majina? Nenda Belur, Karnataka, kwenye hekalu la mwaka 1117 la wafalme wa ukoo wa Hoysala. Wachongaji waliandika majina yao kwenye mawe, akiwemo Dasoja wa Balligavi. Lakini usikimbilie kusema basi walikuwa mabwana. Yapo maandishi ya enzi za wafalme wa Chola wa kusini mwa India, kutoka eneo la Kongu, Tamil Nadu, ambamo mfalme anawaruhusu mafundi wa jamii ya Kammala kupuliza baragumu za kombe kwenye harusi na misiba yao, kuvaa viatu wakitoka nje, na kupiga lipu nyumba zao. Ruhusa ya kuvaa viatu! Mwulize msomaji wako hali ilikuwaje kabla yake.

Kuhusu wanawake wa hekalu, waliowekwa wakfu kumtumikia mungu kwa ngoma na nyimbo, kosa ni kuirudisha hali ya karne ya 20, walipodharauliwa, hadi karne ya 11. Hekalu la Brihadisvara la Thanjavur, lililokamilika mwaka 1010 chini ya mfalme Rajaraja wa Kwanza wa Chola, lina maandishi yanayoorodhesha wanawake 400 kwa majina, kila mmoja na nyumba yake na fungu lake la mpunga. Sheria ya Madras iliyopiga marufuku kuwaweka wakfu wasichana ilikuja mwaka 1947, katika mazingira mengine kabisa.

Wengine hudhani hakuna aliyepinga hadi serikali ilipoamua. Lakini Ambedkar, kiongozi wa Wadalit, aliongoza watu hadi hekalu la Kalaram, Nashik, mwaka 1930, kudai waruhusiwe kuingia. Travancore, ufalme wa kusini mwa India, ilifungua mahekalu yake kwa Wahindu wa matabaka yote tarehe 12 Novemba 1936, na ibara ya 17 ya Katiba ya mwaka 1950 ikafuta utengano wa najisi. Kabla ya hayo yote kulikuwa na maandamano ya Vaikom, mji wa Travancore, mwaka 1924, ambako watu hawakudai hata kuingia ndani. Walidai kupita kwenye barabara zinazolizunguka hekalu.

Kwa hiyo tumia dakika mbili kuchora ramani ndogo pembeni mwa jibu: barabara, ukuta, ua, mandapa, garbhagriha. Andika Vaikom barabarani, Nandanar langoni, kuhani ndani kabisa.