Njia ya kwenda bodini hupita kwenye mizania

Kila tunapofungua darasa la wanawake wanaotaka kuwa wajumbe wa bodi, swali la kwanza huwa ni lilelile: nafasi hizi hutangazwa wapi? Mara nyingi hazitangazwi. Kwenye kampuni binafsi wajumbe huulizana nani anamfahamu mtu anayefaa, na jina linalotajwa mapema ndilo linalopelekwa kwa wanahisa. Kwenye mashirika ya umma hapa Tanzania, kwa kawaida Rais humteua mwenyekiti na waziri huteua wajumbe. Kote huko asiyefahamika hatajwi. Na kwa kuwa waliomo wengi ni wanaume, wanaowajua vizuri ni wanaume wenzao, hata pasipokuwa na mwenye nia mbaya.

Norway waliona kusubiri hakutoshi. Mwaka 2003 bunge lao lilipitisha sheria ya asilimia 40 kwa kila jinsia kwenye bodi za kampuni za hisa za umma (zinazoweza kuuza hisa kwa umma), na ilipofika 2008 kampuni iliyokaidi ilikuwa hatarini kuvunjwa. Wabishi walihoji wanawake wenye sifa watatoka wapi. Shirikisho la waajiri la huko, NHO, likaanzisha mafunzo ya kuwaandaa. Mafunzo hayo yameshafika kwetu: Chama cha Waajiri Tanzania (ATE), kikishirikiana na NHO na ESAMI, taasisi ya mafunzo ya uongozi iliyoko Arusha, huyaendesha kwa jina la Mwanamke Kiongozi.

Cheti ni kizuri, ila bodi haitafuti cheti. Inatafuta mtu wa kuziba pengo lake: haina mtu wa hesabu, haina mwanasheria, haina anayeelewa mifumo ya kompyuta. Mwanafunzi wangu mmoja, meneja wa rasilimali watu, aliniletea wasifu wa kurasa saba uliojaa semina alizoratibu. Ukurasa wa tano, mstari mmoja tu: "mjumbe, kamati ya usimamizi, SACCOS ya kazini," yaani chama cha akiba na mikopo cha wafanyakazi. Nilipomhoji, akasema walipekua vitabu wakakuta mikopo chechefu, ile isiyolipwa kwa wakati, ikifichwa kwa kulipwa na mikopo mipya, wakapeleka taarifa mkutano mkuu. Nikamwambia mstari huo upandishwe ukurasa wa kwanza, semina zishuke. Hiyo ndiyo kazi ya bodi hasa, na alikuwa ameshaifanya bila kuiita hivyo. SACCOS, bodi ya shule, kamati ya fedha ya kanisa au msikiti: wengi wetu tumekaa huko miaka na tunaona haya kuvitaja.

Kinachowaangusha wengi ni makabrasha ya kikao, hasa taarifa za fedha. Zoezi ninalolipenda ni la kampuni ya kubuni. Taarifa ya mapato inaonyesha faida ya shilingi milioni 800, darasa linashangilia. Kisha nawafungulia mtiririko wa fedha, taarifa ya pesa taslimu iliyoingia na kutoka: shughuli za kampuni zimekula milioni 300 zaidi ya zilizoingiza. Pesa iko wapi? Wanarudi kwenye mizania, taarifa ya mali na madeni ya kampuni, wanakuta wadaiwa wameongezeka maradufu. Kampuni inauza kwa mkopo kwa watu wasiolipa. Anayeona hilo usiku nyumbani, akaliuliza asubuhi kwa upole, hatachukuliwa tena kama mapambo ya picha ya ripoti ya mwaka. Huhitaji kuwa mhasibu. Unahitaji kuzisoma taarifa tatu kwa pamoja na kutoona aibu kuuliza.

Msidanganyike na posho ya kikao. Sheria ya Makampuni ya mwaka 2002 inamtaka mkurugenzi atende kwa nia njema kwa masilahi ya kampuni, na kusema "mimi sikuwepo siku hiyo" si kinga ya kutegemea. Kwenye benki, Benki Kuu itakuchunguza kwanza. Ukiwa na duka linaloiuzia kampuni bidhaa, litaje kabla hawajalisikia kwa wengine.

Kwa hiyo kiti cha kwanza kisikupofushe. Kabla ya kukubali, omba hesabu zilizokaguliwa za miaka mitatu, uliza kesi zilizoko mahakamani, na mtafute aliyekaa kiti hicho kabla yako akueleze kwa nini ameondoka. Wakisita kukupa hesabu, usisaini fomu ya kuridhia kuwa mjumbe.