Ushirika Si Punguzo la Bei

Mwezi huu nimesikia mara tatu duka la vyakula lililo karibu na chuo likiitwa "ushirika wa wanafunzi", kwa sababu tu mwenye duka huwapunguzia bei wanaoonyesha kitambulisho cha chuo. Ushirika wa vyakula wa wanafunzi ni duka ambalo wanunuzi ndio wenye mali: kila mwanachama hulipa kiingilio na kununua hisa, hupiga kura moja tu hata akiwa na hisa nyingi, na ziada inayobaki baada ya gharama huamuliwa na mkutano mkuu.

Neno lenyewe lingetosha kutuongoza. Mzizi wake ni wa Kiarabu, sh-r-k, wenye maana ya kuwa na fungu katika kitu kimoja pamoja na mwingine. Humo ndimo tulimopata shirika, shirki ya wanatheolojia wa Kiislamu, yaani kumpa Mungu mshirika, na hata usharika wa Walutheri, yaani jumuiya ya waumini wa kanisa moja. Kutokana na kitenzi shiriki tumepata mshiriki, yaani mtu aliyehudhuria au kutia mkono katika jambo, lakini mshirika ni mwenye fungu. Ushirikiano nao umetoka kwenye shirikiana, na watu wawili wanaweza kushirikiana miaka kumi bila kumiliki pamoja hata kilo moja ya unga. Anayenunua kwa punguzo hajawa mshirika. Ni mteja anayependelewa, na upendeleo huo mwenye duka anaweza kuuondoa kesho bila kumuuliza mtu.

Wala bei ya chini haikuwa msingi wa jambo hili. Watu 28 waliofungua duka lao la ushirika Rochdale, Uingereza, tarehe 21 Desemba 1844, waliuza unga, siagi na sukari kwa bei ya kawaida ya soko. Walichokataa ni unga uliochanganywa na takataka na mizani ya udanganyifu, na ziada waliirudisha kwa wanachama kwa kadiri ya manunuzi ya kila mmoja, hivyo aliyenunua zaidi dukani ndiye aliyepata zaidi. Katika ushirika wa vyuo vikuu vya Japani, unaoendesha kantini na maduka, mwanafunzi hulipa hisa yake anapoanza masomo na hurudishiwa anapohitimu. Faida ninayoithamini kuliko zote ni kwamba mla chakula ana sauti juu ya kinachowekwa rafuni na kinachopikwa jikoni, jambo ambalo hakuna punguzo linaloweza kulinunua.

Kwa hiyo anayelisifu duka lile la karibu na chuo asiache kulisifu, maana kwa mwanafunzi anayeishi kwa mkopo shilingi mia tano si kidogo. Ninachomwomba ni aliite duka lenye punguzo la wanafunzi, hadi siku atakapopokea barua ya kumwalika kwenye mkutano mkuu.